Milango Mipya ya Jiweni

Kolwezi, 14 Septemba 2024

Kwako Siwema Shamte, kisiwani Jiweni,

Barua yako imenifikia jana mchana mikononi mwa mjomba wako Hemedi. Lori lake limekaa siku nne likisubiri kupakiwa shaba ya kupeleka Dar es Salaam, na kila siku amekula bukari, yaani ugali wetu, kwenye meza ya mama yangu, pale malori yanapoegeshwa. Alinipa bahasha akasema mbele ya madereva wote, "Mpwa wangu ana maswali, na wewe ndiye unayesoma hata gazeti la kufungia maandazi." Madereva walicheka. Mimi sikujua niangalie wapi, nikaenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Naitwa Jémima Kabedi. Nina miaka kumi na sita, sawa na wewe, na niko mwaka wa tano wa sekondari. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, ni Godefroid Muteba, fundi wa kuchomea vyuma. Wazee wetu waliletwa hapa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na hatukurudi. Nakuandikia Kiswahili cha vitabu kwa sababu kile cha nyumbani kwetu ningeona haya ukikisoma.

Unasema bahari imekula safu mbili za nyumba tangu uzaliwe, na kwamba baada ya mwaka mpya watu wa mradi watakuja kuhesabu nyumba zilizobaki ili mpewe nyingine bara, nyumba kwa nyumba. Unasema mko watu kumi na mmoja ndani ya nyumba moja, na unaogopa kwamba mkipewa moja tu, Bibi yako atapelekwa kwa ndugu wengine asikotaka kwenda. Unauliza sisi tulifanya nini tulipohamishwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu namna hiyo, akingoja jibu langu. Shuleni walimu wanajua kwamba najua, kwa hiyo hawaniulizi.

Basi nitakueleza vizuri. Mtaa wetu ulikuwa juu ya madini. Miaka miwili iliyopita kampuni ilisema itatuhamisha, nyumba kwa nyumba, kama kwenu. Kabla watu wa kuhesabu hawajafika, mtaa wote ulijenga. Tata na mdogo wake, baba mdogo Kalumba, walisimamisha vyumba vinne uani kwa siku tatu, kwa tofali za udongo wa kichuguu na mabati ya zamani. Jirani mmoja alisimama akatazama, akasema, "Godefroid, hii nyumba hata mubuzi hawezi kugeuka ndani." Tata akamjibu, "Haiko ya mubuzi. Ni ya batu ya kuhesabu." Tulicheka sana. Kila mlango uliandikwa namba kwa rangi nyekundu, vyumba vile vinne vikahesabiwa kuwa nyumba moja zaidi, na tulipohamia kijiji kipya tulipewa nyumba mbili. Leo nina chumba changu na meza yangu.

Kwa hiyo jengeni kabla hawajafika. Kuta nyembamba zinatosha. Wekeni mlango, kamba yenye nguo, na sufuria moja ya zamani. Muhimu zaidi ni jivu. Wanainama kugusa mafiga, na nyumba isiyo na jivu wanasema haina mtu. Washeni moto kila siku katika kila nyumba, hata kama hampiki kitu.

Nimesoma barua hii mara tatu na naona nimejidai kama mtu mzima. Nisamehe. Lakini ni kweli yote.

Jémima Kabedi


Jiweni, 2 Novemba 2024

Shoga yangu Jémima,

Salamu zako zimefika salama, zimepigwa na vumbi la nchi tatu, na bahasha inanuka dizeli mpaka Bibi aliitoa nje ikapunge upepo. Usione haya kwa Kiswahili chako. Mjomba Hemedi anasema huko kwenu mnasema "batoto" na "bitu" na mnaelewana vizuri, nami ningependa kukusikia.

Niliisoma barua yako kwa sauti barazani kwetu, Baba na majirani wakisikiliza. Nilipofika kwenye mbuzi asiyeweza kugeuka, walicheka mpaka mzee mmoja akalazimika kuinuka kunywa maji. Baba aliniambia nirudie sehemu ya jivu. Kesho yake wakaja wengine, nikasoma tena. Siku ya tatu nilisoma penye kivuli cha jahazi bovu, nusu ya kisiwa ikiwa imekaa mchangani. Jémima, watu wanakuamini kuliko unavyodhani.

Sasa Jiweni nzima inajenga. Sisi hatuna udongo wa tofali, kisiwa chetu ni mchanga na mawe ya matumbawe tu, basi tunajenga kwa boriti na makuti. Boriti zinatoka upande wa kusini, kwenye mikoko, ambako kamati ya pwani ilikuwa imekataza mtu kukata hata fimbo. Lakini mwenyekiti wa kamati naye ana watoto sita na nyumba moja. Alikuja na shoka lake mwenyewe, akasema, "Tunahama, tunamwachia nani?" Ndipo wote wakaingia.

Hadi jana nilihesabu milango mipya arobaini na mitatu. Kwetu iko mitatu. Mmoja ni wa Bibi, na ninauwashia moto asubuhi kabla ya kwenda shule. Najisikia kama nimefanya jambo kubwa maishani, ingawa nimesoma tu.

Bibi peke yake hajafurahi. Ana wiki nzima hasemi na Baba. Yeye huokota kaa na chaza kule kwenye mikoko, na anasema siku hizi anarudi na kapu la matope. Baba anamwambia avumilie, huko bara atakula nyama. Bibi anamwuliza lini alimwona anakula nyama.

Niandikie unasoma nini sasa. Hapa tuna vitabu vinane, na kimoja hakina mwisho.

Wako,
Siwema


Kolwezi, 11 Januari 2025

Kwako Siwema,

Mvua hapa haikatiki, na barabara ya kutoka Fungurume imekuwa uji. Mjomba wako amechelewa siku sita, ndiyo maana barua yako imenifikia juzi tu. Amekonda kidogo. Mama alimwekea sombe, kisamvu chetu, mara mbili bila kuambiwa.

Nimefurahi sana kusikia juu ya milango arobaini na mitatu. Nilimsomea Tata. Alisema, "Banafanya muzuri. Ukinyamaza, banakusahau." Kisha akauliza kama bahari ina chumvi kweli au ni watu wanasema tu, na Mama akamcheka.

Shuleni tunaendelea vizuri. Padri François, anayetunza maktaba, ameniruhusu kukaa humo saa ya mapumziko, kwa hiyo silazimiki kusimama uani na wasichana wengine wanaojua kuzungumza. Nasoma kila kitu. Wiki hii nimesoma kitabu kikubwa cha mimea chenye picha za rangi, cha Kifaransa. Nitakutafutia kimoja cha Kiswahili chenye mwisho, nimpe Mjomba Hemedi akuletee.

Watu wa mradi wameshafika? Mmekata boriti nyingi sana, au kidogo tu? Nilitaka kukuuliza jambo lingine kuhusu mikoko, lakini karatasi imekwisha, na Mjomba anapiga honi.

Jémima


Jiweni, 6 Aprili 2025

Jémima,

Hali zetu ni za kushukuru, kwa maana sote tuko hai. Naanza na hilo ili usihangaike ukisoma yanayofuata.

Watu wa mradi walikuja mwezi wa pili. Hawakugusa mafiga yetu. Walikuja na picha iliyopigwa kutoka angani mwaka juzi, kubwa kama mkeka, wakaitandika juu ya meza ya shule. Kila paa la Jiweni limo, hata banda la kuku la Bibi. Paa lisilokuwamo kwenye picha ile halihesabiwi. Yule bwana hakutukaripia. Alipita katikati ya milango mipya taratibu, akainama kwenye mmoja, akaona jivu, akauliza, "Hapa mnapika nini?" Mtoto wa jirani akajibu, "Hatupiki, tunachoma tu." Afadhali angetukaripia.

Baba alimtetea Bibi. Wakasema familia kubwa zitafikiriwa, iwapo picha inaonyesha zilikuwa kubwa. Picha haionyeshi watu.

Halafu lilikuja bamvua la mfungo mosi, maji makuu ya mwezi mpya. Siku ya pili ya Idi maji yalijaa kuliko tulivyozoea, na upepo ulitoka kusini. Kila mwaka bamvua kubwa huishia kwenye mikoko, maji yakaingia kwenye mizizi na kutulia humo. Safari hii yalipita moja kwa moja pale tulipokata, yakaja mpaka kisimani. Tulikuwa bado tumevaa nguo za sikukuu. Tulibeba watoto na magodoro tukapanda kwenye jukwaa la shule. Maji yalipoondoka, kisima kilikuwa na samaki mdogo ndani, hai. Tangu siku hiyo maji yake ni chumvi. Tunaletewa ya kunywa kwa mashua kutoka bara, ndoo moja kwa nyumba kwa siku, nyumba za kwenye picha.

Sasa nakuomba jambo, na ni lazima kwanza nikwambie kosa langu. Siku ile ya kwanza barazani, Baba aliniuliza aliyeandika barua ni nani. Niliogopa kwamba nikisema ni msichana wa miaka kumi na sita hawatanisikiliza. Nikasema ni mwalimu, mama mtu mzima, aliyesimamia uhamisho wa watu huko Kongo. Kisiwa kizima kimekata mikoko kwa neno la huyo mwalimu. Sasa wanaulizana yuko wapi. Mwenyekiti wa kamati anataka barua yake, ajieleze. Baba hupita njia ya nyuma akienda pwani, kwa sababu ilisomwa barazani kwetu. Bibi anateka maji ya chumvi kuoshea vyombo.

Tafadhali andika kama mwalimu. Sema kwamba ulishauri tu, hukujua mambo ya bahari, na kwamba unasikitika. Kurasa mbili zatosha. Nitaisoma, na mambo yataisha. Sina mtu mwingine wa kumwomba.

Siwema


Kolwezi, 3 Mei 2025

Kwako Siwema,

Nimejaribu kuandika kama mwalimu. Niliandika kurasa mbili, na zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniogopesha. Zimo jikoni, Mama amewashia mkaa.

Nina jambo ambalo hulijui. Barua yangu ya Januari, karatasi haikuwa imekwisha. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Kile kitabu cha mimea nilikitafuta kwa ajili yako, kwa sababu sikujua mikoko ni miti gani. Nikakuta picha ya mizizi inayosimama kama vidole kwenye tope, na maneno yanayosema kwamba mizizi hiyo ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi na kushika pwani isiondoke. Niliisoma nikiwa nimekaa na barua yako mapajani. Nilielewa mara moja. Niliandika, "Acheni kukata, nimekosea," halafu nikachana. Uliniambia kwamba watu wananiamini, na sikutaka uache kuniambia hivyo. Labda tayari ilikuwa imechelewa. Lakini sikujua kwamba imechelewa nilipochana.

Kwa hiyo usiseme wewe ni mwenye kosa. Wewe ulinikuza umri tu. Mimi nilinyamaza.

Nimeandika barua nyingine kwa ajili ya watu wa kwenu. Imo ndani ya bahasha hii. Si ya mwalimu. Ukiona itakuumiza wewe na Baba yako, usiisome, sitakulaumu. Lakini siwezi kuandika ile uliyoiomba.

Jémima

*

Kwa watu wa Jiweni,

Mimi ndiye niliyeandika juu ya milango na jivu. Si mwalimu. Ni mwanafunzi, nina miaka kumi na saba, niliitimiza mwezi wa tatu. Siwema alisema ni mtu mzima kwa sababu alitaka Bibi yake asitenganishwe nanyi. Sijawahi kuiona bahari. Niliwafundisha kujenga bila kuuliza mtajenga kwa kutumia kitu gani. Huku kwetu kuchimba udongo wa tofali hakumharibii mtu, kwa sababu mtaa wote ungechimbwa hata hivyo. Nilidhani kila mahali ni hivyo.

Niliwaambia pia kwamba sisi tulijenga na mambo yakaenda vizuri. Hayakwenda vizuri kwa kila mtu. Niliwaeleza nusu tu.

Baada ya namba nyekundu kuandikwa, kampuni iligundua kwamba milango imezidi. Ikamrudisha kijana wa kuhesabu, safari hii na rangi nyeusi, afute nyumba zisizo na watu. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Marlène, mjane mwenye watoto watatu. Nyumba yake ilikuwa ya kweli. Aliijenga na marehemu mume wake kabla mimi sijazaliwa. Lakini wiki ile alikuwa Fungurume na watoto, dada yake amejifungua. Mlango alikuwa ameufunga kwa waya, na mvua ilikuwa imesafisha mafiga yake. Vyumba vyetu vya uongo vyote vilikuwa na jivu, kwa sababu niliviwashia moto mimi.

Kijana alinikuta bombani nikisoma. Akasema, "Weye mutoto wa masomo, hautaniongopea. Hii nyumba iko na mutu?" Tata alikuwa hatua tatu kutoka hapo, anajaza ndoo. Hakunitazama. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, kijana atatafuta nyingine ya kufuta, na zetu ndizo zilizokuwa karibu. Nikasema, "Sijue." Akapaka rangi nyeusi juu ya namba ya Mama Marlène.

Tulipata nyumba mbili. Yeye hakupata hata moja. Anapanga chumba kimoja karibu na soko. Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya barua yangu, na niliyaficha ili nionekane najua kitu.

Siwezi kuwarudishia kisima. Naomba msamaha, na naomba msimlaumu Siwema wala baba yake.

Jémima Kabedi Muteba


Jiweni, 1 Juni 2025

Jémima,

Nilikaa na barua yako siku nne chini ya godoro. Nilikukasirikia, nakwambia kweli. Niliona umenifungia mlango halafu ukaniambia nichague. Siku ya tano Baba alinikuta ninaisoma, akaketi, akasema, "Soma kwa sauti." Alipokwisha kusikia alisema, "Hii nayo itasomwa palepale."

Nikaisoma mchangani, mbele ya watu wote. Kwanza nilisema mwenyewe kwamba mwalimu nilimtunga mimi. Kuna aliyesema, "Kumbe tumekatishwa miti na kitoto?" Wakacheka, si kicheko cha siku ile ya mbuzi. Mwenyekiti wa kamati aliinama akichora mchanga kwa kijiti. Mwishowe akasema shoka lilikuwa lake, barua haina mikono.

Ile sehemu ya Mama Marlène niliisoma polepole. Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa anachambua mchele, akauliza bila kuacha kazi, "Na huyo mwenye nyumba, naye kasomewa?"

Nikasema sijui.

"Basi anatuomba radhi sisi wa mbali. Sisi ni rahisi."

Nimekuandikia kama alivyosema, usinichukie.

Habari nyingine ni kwamba nyumba mpya zote zimebomolewa. Boriti zake tumezisimika pwani upande wa kusini, safu mbili, na kati yake tumeshindilia matawi, ili maji yakirudi yaache tope lake hapo na miche ipate pa kushika. Bwana wa mradi alituonyesha namna. Anasema labda miaka mitano, labda isishike. Nyumba za bara zitajengwa kwa kufuata picha. Yetu ni moja. Baba amesema tutalala kumi na mmoja humo kama tunavyolala sasa, na atakayetaka kumtoa Bibi aanze na yeye. Bibi amesema na Baba kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Alimwambia anakoroma.

Kisima bado ni chumvi.

Siwema


Kolwezi, 29 Juni 2025

Kwako Siwema,

Sikuchukii. Bibi yako alisema kitu ambacho nilikijua, nami nilikuwa nimekizunguka miaka mitatu.

Mama Marlène anasali kanisa moja na sisi. Kila Jumapili husogea kwenye benchi ili nipate pa kukaa, na kila Jumapili mimi hujifanya natafuta ukurasa. Jumatatu nilikwenda kwake baada ya shule. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, lakini sikuitoa.

Nikasema, "Mama, ile siku ya rangi nyeusi, nilijua nyumba ni yako."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Nilisema sijue."

"Ule kijana aliniambia. Nilimufwata mpaka ku ofisi yabo. Anasema, 'Mama, hata mutoto wa Muteba, ule wa masomo, anasema hajue.' Njo nikarudia ku nyumba. Nitasema nini tena?"

Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage.

"Nilikuwa nangoja useme weye. Ulikuwa na miaka kumi na ine. Sasa uko na ngapi?"

"Kumi na saba, Mama."

"Nimengoja mingi."

Siwema, hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Alinipa ungo, nikamsaidia mpaka maharage yakaisha. Ndipo akaniambia kwamba Alhamisi tume ya malalamiko ya waliohamishwa itakaa katika ukumbi wa parokia, na kwamba ameshapeleka malalamiko yake mara mbili, mara zote wakamwambia alete shahidi asiye ndugu yake. "Tata yako atakuwa pale," akasema. "Banamuita na yeye, juu ya malalamiko yake ya bati ya paa yenye kuvuja." Nikasema nitakuja. Akanitazama kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, na mimi nikatazama ungo.

Nilimwambia Tata wakati wa kula. Mama aliacha kula. Yeye aliendelea.

"Unajua bataanza kuuliza juu ya nyumba ya pili."

"Ndiyo, Tata."

"Na chumba chako kiko mule."

"Ndiyo."

Akamega bukari, akachovya, akala. Hakusema usiende. Hakusema nenda. Siku mbili zile aliniuliza jambo moja tu, kama nimeona koleo lake.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mezani walikaa watu wanne, na katibu mwenye miwani anaandika. Mama Marlène alisimama, akasema nyumba yake ilikuwa wapi, ilikuwa na vyumba vingapi, mume wake alipanda nini mbele ya mlango. Wakauliza shahidi. Nikasimama.

Nilisema. Katibu akasema, "Sauti, mwanangu, hatusikii." Nikasema tena. Nyuma kijana mmoja akacheka, akasema, "Anaongea na viatu yake." Nilijua maneno yote, Siwema, nilikuwa nimeyasema njia nzima kutoka nyumbani. Mara ya tatu nilifungua mdomo na hakikutoka kitu kabisa. Katibu akaweka kalamu chini. Nikaona Mama Marlène ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Kiti kikaburutwa kule nyuma.

"Anasema nyumba ilikuwa ya Marlène." Ilikuwa sauti ya Tata. "Banalala mule batu ine. Ile yangu njo zilikuwa za kuongopa, zote ine. Mi nilisimama pale, nilisikia anasema hajue, na mi nikanyamaza."

Sikugeuka. Ukumbi mzima uligeuka, ila mimi na Mama Marlène. Katibu aliokota kalamu yake, akauliza anayesema ni nani.

Tata akataja jina lake. Katibu alipoanza kuandika, akalirudia tena, herufi moja moja, ili asikosee.

Jémima